Dada alivua viatu Alfama

Swali lenu la wiki lilikuwa: ukipata siku nne katika mji mkuu wa Ulaya, utazitumia vipi? Mimi nilizipata kweli, mwezi wa Juni, mimi na dada yangu mkubwa anayeishi Uingereza. Tulikwenda Lisbon, Ureno. Dada alikuja na orodha ya mahali ishirini na mbili. Siku ya kwanza, tulipofika pa tano tu, aliketi kwenye ngazi za mtaa wa kale wa Alfama, akavua viatu, akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sikuja hapa kufanya mtihani." Orodha ikaishia hapo, na likizo ikaanza.

Lisbon ni vilima vitupu. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vimesuguliwa na nyayo hadi vinang'aa kama sahani, na vikipata maji kidogo ni utelezi mtupu. Vaeni viatu vya soli ya mpira. Alfama yenyewe ni mtaa wa vichochoro. Jina lake ni la Kiarabu, ndugu wa neno letu hamamu, yaani bafu, maana mji ulikuwa mikononi mwa Waislamu hadi 1147. Mtu aliyekulia Mji wa Kale, Mombasa, hapotei pale, na akipotea haoni ajabu.

Basi tukajiwekea kanuni: jambo moja kabla ya chakula cha mchana, jambo moja baadaye, na chakula chenyewe kisiharakishwe. Tulikula kwenye vihoteli vya mtaani wanavyoviita tasca, meza zimefunikwa karatasi, unauliza chakula cha siku ni nini. Siku ya kwanza tuliletewa mkate, zeituni na jibini kabla hatujaagiza kitu. Tukasema, watu wakarimu hawa! Tukamaliza vyote. Mhudumu alipokuja kupiga hesabu aliiandika kwa kalamu pale pale kwenye karatasi ya mezani, na zeituni zetu zimo. Kumbe usipovigusa, hulipi. Neno meza tulilichukua kwa Wareno, na deni tukaandikiwa juu yake.

Dada amekatazwa nyama nyekundu na daktari, kwa hiyo tulikula samaki tu, na hapo hatukukosa kitu. Maduka huuza chewa (cod) aliyekaushwa kwa chumvi, mapande makavu yamepangwa kama mbao, na harufu yake ukifumba macho ni ng'onda wa sokoni kwetu. Wareno humwita bacalhau, na ajabu ni kwamba samaki wao huyo wa kujivunia hutoka bahari za baridi za kaskazini, Norway na Iceland. Hulowekwa siku nzima au zaidi, maji yakibadilishwa. Nilipenda zaidi anapochambuliwa, akakaangwa na vitunguu na viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti, kisha mayai yakavurugwa humo humo moto ukiwa mdogo, yasikauke.

Siku ya tatu tulikwenda Belém, mtaa mwingine wa Lisbon. Kanisa la monasteri ya Jerónimos lilianza kujengwa 1501, kwa fedha za ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, viungo vikiwemo. Karibu na mlango yumo Vasco da Gama, amechongwa kwa jiwe juu ya kaburi lake, amelala, viganja vimekutana kama anayesali. Dada akamtazama kwa muda. "Ndiye huyu aliyepita kwetu 1498?" Ndiye. Mombasa hawakuelewana naye, akaenda Malindi akapata rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1505 Wareno wenziwe wakaja wakaiteka Mombasa na kuichoma moto.

Tukatoka, tukavuka kidogo hadi duka la vitobosha vya maziwa na mayai linalovipika tangu 1837. Vinakuja vya moto, ganda linavunjika kwa kishindo, juu yameungua madoa meusi, na mezani kuna mdalasini wa kujinyunyizia. Nilikula vinne. Dada alipokunja uso nilimwambia huo mdalasini nadai tangu zamani.

Tramu namba 28 msiipandie kituo cha Martim Moniz. Foleni yake juani inaudhi. Tuliipanda asubuhi upande wa pili, Campo de Ourique, tukapata viti. Na jioni chukueni kivuko cha kwenda Cacilhas, dakika kumi tu juu ya mto Tejo. Aliyezoea kivuko cha Likoni atashangaa kupata mahali pa kukaa.

Usiku wetu wa mwisho ulikuwa Juni 12, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Alfama nzima ilikuwa moshi wa makaa na sardini. Samaki anawekwa juu ya kipande cha mkate, unamla kwa mkono, na ule mkate uliokunywa mafuta unaula mwisho. Pembeni wanauza vyungu vya mrehani wenye majani madogo madogo, umechomekwa ubeti wa mapenzi. Muuzaji alimzuia dada asiinamishe pua: mrehani huo haunuswi hivyo, utanyauka. Unaupapasa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja.

Alinunua chungu kimoja. Kupanda nacho ndege tukaona ni kazi, tukamwachia mwenye nyumba dirishani. Kwenye teksi ya kwenda uwanja wa ndege dada hakuongea sana, alikuwa bado ananusa kiganja.