Ukitaka kuijua chumvi iliyoyeyuka, anza na pale inapoganda

Vijana wanaojifunza uhandisi wakinifuata kuniuliza kuhusu chumvi iliyoyeyuka kwa joto, bila maji, karibu wote huanza na swali lilelile: inavumilia joto kiasi gani? Ni swali zuri, lakini mimi niliyefanya kazi na matanuru ya chumvi ya kugumishia vyuma nawashauri waanze upande wa pili. Inaganda kwenye nyuzi ngapi? Ikishaganda, utaiyeyushaje tena bila kuharibu chombo au kuumiza mtu?

Sifa zake ni za kuvutia kweli. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzijoto 801 za Selsiasi na haichemki mpaka ipite 1,400. Katikati ya hapo ni kimiminika ambamo ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinatembea huru, ndiyo maana kinapitisha umeme vizuri. Mvuke wake ni kidogo sana, kwa hiyo chombo chake hakihitaji kuhimili shinikizo kubwa. Linganisha na kinu cha nyuklia cha maji yenye shinikizo: ili maji yasichemke kwenye nyuzi 300 na ushei, hubanwa kwa takriban mara 150 ya kanieneo ya hewa, ndani ya chombo cha chuma kinene ajabu.

Lakini nyuzi 801 ni mbali mno kwa kazi nyingi, hivyo chumvi huchanganywa ili kiwango cha kuyeyuka kishuke. Nitrati ya sodiamu peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 308, ya potasiamu kwenye 334. Changanya asilimia 60 ya kwanza na 40 ya pili kwa uzito, nao mchanganyiko unaanza kuyeyuka kwenye 220 hivi. Huo ndio unaotunza joto katika mitambo ya umeme wa jua kama Noor kule Ouarzazate, Morocco, na Gemasolar nchini Hispania. Kwenye mitambo ya mnara, tangi moja huwa na chumvi ya nyuzi 290 hivi, jingine ya 565, na usiku joto la tangi la pili huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha tabo, mashine ya kuendesha jenereta.

Watu husifu hiyo 565. Mimi naiangalia hiyo 290: hata tangi la baridi lazima libaki juu ya kiwango cha kuganda. Inamaanisha kila bomba, kila vali na kila kipimio lazima kifungwe nyaya za kukipasha joto, na mabomba yalazwe kwa mteremko ili yajimwage yenyewe pampu ikisimama. Ukipewa mchoro wa mtambo wa chumvi uukague, tafuta kwanza sehemu ambazo chumvi inaweza kutuama. Huko ndiko kazi ya matengenezo itakakozaliwa.

Kuyeyusha upya ndiko kwenye hatari ambayo wageni hawaitarajii. Chumvi nyingi hutanuka zinapoyeyuka. Ile ya mezani hutanuka kwa karibu robo ya ujazo wake. Ukipasha chungu kutoka chini, kimiminika kinajaa chini ya tabaka gumu la chumvi ambayo haijayeyuka na hakina pa kwenda: ama kinapasua chungu, ama kinalipuka kupitia juu. Ndiyo sababu kabla ya kuzima tanuru tulichomeka fimbo nene ya chuma iliyochongoka, tukaiacha igande humo. Wakati wa kuwasha, fimbo hiyo ikitolewa inaacha tundu la kupumulia. Msiache kufanya hivyo hata siku yenye haraka.

Maji nayo ni adui wa namna mbili. Tone likizama kwenye chumvi ya moto hugeuka mvuke ghafla, ujazo ukiongezeka zaidi ya mara elfu, na chumvi inarukia uso wa mtu. Kila kipande cha chuma, kila koleo, kila konzi ya chumvi mpya vikaushwe na kupashwa joto kwanza. Adui wa pili hufanya kazi kimyakimya: kloridi ya magnesi iliyonyonya unyevu hutoa asidi ya hidrokloriki ikipashwa, na floridi zenye unyevu hutoa ile ya hidrofloriki, zote zikila chuma. Chumvi kavu na safi huongeza maisha ya chombo kuliko aloi (mchanganyiko wa metali) ya bei kali yenye chumvi chafu ndani yake.

Kwenye vinu vya nyuklia vinavyotumia chumvi iliyoyeyuka mambo haya yanakutana yote. Kinu cha majaribio cha Oak Ridge, Tennessee, kilifanya kazi kuanzia 1965 hadi 1969 kikiwa na urani iliyoyeyushwa ndani ya chumvi yenyewe, floridi za lithi, berili na zirkoni. Lithi hiyo ilikuwa ya isotopu ya 7, kwani ya 6 hunyonya neutroni, chembe zinazopasua urani, na kuzaa tritiamu, hidrojeni yenye mionzi. Chini ya kinu kulikuwa na kizibo cha chumvi iliyogandishwa kwa kupulizwa hewa: hewa ikikatika, kizibo kinayeyuka na fueli inateremka matangini. Ubunifu huo naupenda sana. Lakini joto la mionzi halikomi fueli ikishateremka. Matangi lazima yaendelee kupozwa. Na kuna jambo wanaoutangaza ubunifu huo hulisahau. Chumvi ya kinu hicho iliachwa imeganda, na mionzi ikawa inatoa florini ndani yake, hadi mwaka 1994 ikagunduliwa kwamba sehemu ya urani imehama kama gesi na kuingia kwenye mabomba. China iliwasha kinu chake kidogo cha aina hii, cha megawati 2 za joto, jangwani Gansu mwaka 2023. Ningependa wahandisi wake waulizwe pia chumvi hiyo itahifadhiwaje kinu kikizimwa.

Alumini yote mpya inayotengenezwa viwandani hupitia chumvi iliyoyeyuka tangu Mmarekani Hall na Mfaransa Héroult, kila mmoja kivyake, wagundue njia hiyo mwaka 1886. Alumina, yaani oksidi ya alumini, huyeyuka juu ya nyuzi 2,000, lakini ndani ya kriolaiti, chumvi ya floridi iliyoyeyushwa, inakubali kuyeyuka kwenye 960 hivi, kisha umeme unaitenganisha.

Ukiingia karakana yenye matanuru ya chumvi, kabla hujagusa kitu uliza lipi ni la nitrati na lipi ni la saianidi, chumvi yenye sumu kali, na kama kila moja lina koleo na vikapu vyake. Chumvi hizo mbili zikikutana zikiwa za moto, hulipuka. Nitrati vilevile haitaki mafuta, makaa wala magnesi. Kama hakuna anayeweza kukujibu, toka nje umtafute msimamizi.