Kwa wanaoanza kupima athari za vumbi kwenye tishu za mapafu zinazooteshwa maabara: lijue vumbi kwanza

Mwanafunzi anayeingia maabara kwa mara ya kwanza huvutiwa sana na seli hata akalisahau vumbi lenyewe. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza kazi hii hapa Dodoma, ambako kiangazi hakitunyimi vumbi, ni kuanzia huko. Vumbi la barabara ya udongo si sawa na la machimbo ya kokoto, ambalo mara nyingi hubeba silika ya fuwele, madini ambayo mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani yanapovutwa kazini. Chembe zinazozidi mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) nyingi hunaswa puani na kooni, ilhali zilizo chini ya 2.5 hufika hadi kwenye vifuko vya hewa. Kwa hiyo anayekwangua vumbi dirishani na kulimwaga, bila kulichuja, juu ya seli za vifuko vya hewa anajibu swali ambalo mapafu hayakuuliza.

Tishu yenyewe huoteshwa ndani ya kikombe kidogo chenye sakafu ya utando wenye matundu, mara nyingi ya mikromita 0.4. Chakula hukaa chini, hewa juu, na inkubeta, yaani kasha la kuoteshea seli, hushikilia nyuzi 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5. Seli za mirija ya hewa zilizotoka kwa binadamu huhitaji takribani wiki nne kukomaa. Ndipo chini ya hadubini utaona ute ukizunguka taratibu kwa kusukumwa na vinyweleo vidogo vilivyo juu ya seli. Seli za A549, zilizotokana na saratani ya mapafu, ni rahisi kutunza, lakini hazioti vinyweleo na kizuizi chake ni dhaifu, hivyo usizitumie kueleza jinsi ute unavyoondoa chembe. Kabla ya kuweka vumbi, pima ukinzani wa umeme wa tishu ya kila kikombe, na chenye ukinzani mdogo, yaani kinachovuja, kiweke kando, hata kama kinakuuma.

Kosa linalojirudia ni kuchanganya vumbi kwenye maji mengi na kulimimina juu, kwa maana tishu iliyozoea hewa sasa imezamishwa. Afadhali chembe zitue zikiwa kavu au kama ukungu; ukikosa kifaa, tumia kimiminika kidogo mno, na uwe na vikombe vingine vilivyopewa kimiminika hicho bila vumbi. Kipimo kiandike kwa mikrogramu kwa kila sentimita ya mraba ya tishu.

Vumbi la udongo hubeba pia endotoksini, yaani sumu zilizo kwenye ukuta wa baadhi ya bakteria, nazo peke yake huweza kuwasha uvimbe utakaoudhania ni wa madini. Otoklevu, yaani mashine ya mvuke wenye shinikizo, ya nyuzi 121 huua bakteria lakini haiondoi endotoksini. Joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30 ndilo huziharibu. Linganisha sampuli iliyochomwa hivyo na isiyochomwa, ukikumbuka kwamba joto hilo huunguza pia mabaki ya mimea, kwa hiyo tofauti utakayoiona si ya endotoksini tu.