Barua kwa mwanangu: bomba la moshi la Liemba

Mwanangu,

Salamu kutoka Kibirizi, hapa Kigoma. Sisi wazima. Mama yako anauliza kama wale dagaa walifika salama, maana hujasema kitu.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeunda mfano wa Liemba, ile meli yetu ya Ziwa Tanganyika, kwa mbao na kadibodi, kipimo cha moja kwa mia, rangi umeshapiga, ndipo ukagundua bomba la moshi limekaa milimita mbili nyuma zaidi, kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli. Uling'oe au uliache?

Milimita mbili zako ni sentimita 20 kwenye meli yenyewe, na meli yenyewe ina urefu wa mita 71. Mimi niliyeiona ikifunga gati hapa tangu utoto nisingeshtuka. Ila hukuniambia kama bomba limesimama wima. Likiinama, hata mtoto wa chekechea ataona. Mlingoti bado hujaubandika, basi ushike kwa mkono mahali pake, shusha uso hadi usawa wa meza, utazame kutoka omo, yaani mbele ya meli, kwa jicho moja. Bomba na mlingoti vikipishana, ng'oa leo hii, kwa sababu ukishafunga na kamba za mlingoti utakuja kung'oa vitu vinne. Vikilingana, weka kisu chini.

Nina sababu ya kuogopa kung'oa. Kuna boti niliyounda ukiwa bado unanyonya, ubao mmoja wa ubavu ulitokeza unene wa kucha. Mwenye boti hakuuona. Mimi kila nikifumba macho nauona. Asubuhi moja nikautia tindo: misumari ikatoka na kipande cha ubao wa jirani, na taruma, ule ubavu wa ndani unaoshika mbao, lililokuwa limetulia likapasuka. Siku nne za kukalafati, kuziba nyufa kwa pamba na lami. Na boti ile ilipokuja kuvuja, ilivujia palepale nilipotengeneza.

Hiyo supagluu yako nayo ni mbaya kuliko misumari. Dawa ya kufutia rangi ya kucha itailainisha, lakini itakula na rangi ya meli. Fundi simu mmoja hapa aliniambia baridi kali huidhoofisha, ukiigonga inaachia. Sasa meli ya sentimita 71 utaiingiza kwenye friji ya nani?

Halafu, unafuata Liemba ya mwaka gani? Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, ikaletwa hapa vipande vipande kwenye masanduku, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, injini wakiwa wamezipaka grisi kwanza (hao hawakuwa na nia ya kuipoteza). Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli. Meli iliyofunguliwa na kufungwa mara zote hizo, sitegemei kila kitu kilirudi palepale. Kama mchoro wako ni wa enzi moja na picha unayolinganishia ni ya enzi nyingine, hizo milimita mbili huenda si kosa lako kabisa. Angalia tarehe nyuma ya picha kabla ya kugusa chochote.

Ukija Desemba njoo nayo. Ifunge kwa vipande vya godoro ndani ya boksi, na kwenye treni usiiweke chini ya kiti, inatikisa mno kule.

Baba yako