Helsingør na watoto: anzeni bandarini, ngome baadaye

Helsingør iko Denmark, kaskazini mwa Copenhagen, mwendo wa treni wa dakika 45 hivi, na kituo chake kiko ukingoni mwa maji kabisa. Ukitoka nje tu unaona vivuko vikiingia na kutoka, na ng'ambo, kama kilomita nne, ni Sweden. Wageni wengi hunyoosha moja kwa moja hadi ngome ya Kronborg, kwa kuwa ndipo Shakespeare alipokiweka kisa cha Hamlet. Wazazi wenzangu, kama mna watoto wadogo, msifanye hivyo. Ngome ina ngazi na vyumba tele, na mtoto akichoka saa nne asubuhi, siku nzima imeharibika.

Bandarini hakuna kiingilio. Pale gatini ameketi Han, sanamu ya kijana ya chuma king'aavyo kama kioo, iliyowekwa 2012. Mara moja moja hufumba macho na kufumbua, ghafla, na watoto wetu walimvizia wasitake kubanduka. Msiwaharakishe. Karibu yake ni majengo ya karakana ya meli iliyofungwa 1983, ambayo sasa ni kituo cha utamaduni chenye maktaba ya umma. Iwekeni akilini maktaba hiyo. Upepo wa Øresund, mlango-bahari ulio kati ya Denmark na Sweden, hupenya koti hata Julai, na mle ndani kuna joto, vyoo na vitabu vya watoto, bila kulipa hata kroni moja.

Jirani kuna makumbusho ya ubaharia, yaliyofunguliwa 2013. Yamejengwa chini ya ardhi kuzunguka chelezo cha zamani, ili yasiizibe ngome. Watoto hushuka kule meli zilikokuwa zikitengenezwa, na hilo peke yake linawatosha.

Kabla ya kuingia Kronborg, wasimulieni habari za ushuru. Kuanzia karne ya 15 hadi 1857, meli za kigeni zilizopita mlango-bahari huu zililazimika kusimama hapa na kumlipa mfalme wa Denmark. Ushuru ulipokuja kutozwa kwa thamani ya shehena, nahodha mwenyewe ndiye aliyeitaja thamani hiyo. Lakini mfalme alikuwa na haki ya kuinunua shehena yote kwa bei ile ile iliyotajwa! Tulilifanya jambo hili mchezo, kwa biskuti. Mtoto wetu wa kati alitaja bei ya chini mno, dada yake akazinunua zote kwa bei hiyo. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kwa nini mizinga imeelekezwa majini. Walijua inalinda nini, na ngome waliizunguka kwa hamu.

Msiyakose mahandaki ya chini ya ngome, alikoketi Holger Danske, shujaa wa zege ambaye Wadenmarki husimulia kwamba ataamka nchi yao ikiwa hatarini. Ni giza na sakafu haiko sawa, kwa hiyo kigari cha mtoto kiacheni juu, na simu yenye tochi iwe na chaji.

Kuhusu chakula, mikahawa ni ghali. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha na chai kwenye chupa, na hakuna anayetushangaa. Wadenmarki wenyewe hula vyao kwenye mabenchi. Soseji za vibandani mara nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua. Fedha mlizobakisha zipelekeni kwenye aiskrimu ya uchochoro wa Brostræde.

Alasiri pandeni kivuko hadi Helsingborg, ng'ambo huko Sweden, dakika 20 tu. Baadhi ya vivuko hivyo huendeshwa kwa betri, na vikifika gatini mkono wa mashine huvichomekea umeme, simameni panapoonekana. Mnavuka mpaka wa nchi, kwa hiyo pasipoti na vibali vya kuishi viwe mfukoni, vya watoto pia.