Umeniuliza Kama Uondoke Studio

Binti yangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia alfajiri kabla ya chai. Unasema miaka sita umewachorea wahusika, umepaka rangi, umejenga seti kwa mbao na maboksi, na juzi bosi wako amesema mbele ya wenzako kwamba mandhari ulizochora zimeiharibu katuni nzima. Unauliza: "Baba, niondoke?"

Nikusimulie habari za Ken Anderson. Mtu huyu nampenda kwa sababu alisomea usanifu majengo, kazi jirani na yangu ya kuchora ramani. Aliingia studio ya katuni ya Walt Disney, kule Marekani, mwaka 1934. Walipotengeneza filamu ya Snow White, iliyotoka 1937, alijenga kijumba kidogo cha wale vibete saba ili wachoraji wakione kwa macho. Baadaye alibuni wahusika, akatunga hadithi, akashiriki kuibuni Disneyland, bustani yao ya burudani. Walt mwenyewe alimwona fundi wa kila kazi.

Ila kilichonifanya nimkumbuke ni ile filamu ya mbwa wenye madoadoa, One Hundred and One Dalmatians, ya 1961. Zamani kila mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino, kwa mkono, juu ya plastiki. Adha hiyo naijua mwanangu: nimekwangua wino kwa wembe kwenye karatasi ya ramani, taratibu isitoboke, kwa ajili ya mstari mmoja uliopinda. Filamu yao ya 1959 ilikuwa imekula kama dola milioni 6, kwa hiyo wakaleta mashine ya kunakili ya Xerox, ikawa inahamisha mstari wa penseli kama ulivyo, na ukwaruzo wake. Ken akaona mbwa wenye mistari mikavu hawataelewana na ukuta uliopakwa rangi laini, basi na mandhari akazitia mistari ileile. Watu waliipenda filamu. Walt hakuipenda ile mistari, na hakuficha. Ken aliumia mno. Mwaka 1962 akapata kiharusi.

Alipopata nafuu alirudi mezani kwake. Shere Khan, yule simbamarara wa filamu ya The Jungle Book ya 1967, alianzia kwenye michoro yake. Na Ken alisimulia kwamba mwishoni mwa 1966 Walt, akiwa mgonjwa sana, alimtajia ile kazi ya mbwa, asiseme zaidi, akamtazama tu. Ken akajua amesamehewa. Alistaafu 1978.

Sikusimulii ili umeze kila dharau. Walt aliikataa mistari, lakini Ken aliendelea kupewa kazi za kweli. Hapo ndipo nataka upaangalie. Tangu siku ile, bado wanakupa kazi yenye uzito? Mshahara unaingia kwa wakati? Kama ndivyo, baki, na ukiitwa kikaoni ueleze kwa utulivu kwa nini ulichora vile. Kama wamekuacha uwe wa kutumwa chai, rudi Tanga. Chumba chako kipo, na meza yangu ya kuchorea nimeshaifuta vumbi.

Kabla ya yote, nipigie picha ile mandhari iliyokataliwa unitumie leo. Nataka kuiona kwa macho yangu.

Baba yako