Barua kwa Mzee wa Karakana: Mashine zikitulia, tunaitwa wavivu

*Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kiwanda kikubwa, laini zinakwenda usiku na mchana. Nikiomba mashine isimame nifanye sevisi, watu wa uzalishaji wananiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, kuna oda. Kisha mashine inakufa usiku wa manane, na wale wale walioninyima muda wanasimama nyuma ya mgongo wangu: "Bado?" Juzi beringi ya mota ya konveya ililia karibu wiki nzima. Niliandika, nikasema, nikamwita msimamizi aisikie kwa masikio yake. Ilipokwama, ya zamani ilikuwa 6308 C3, stoo wakanipa 6308 tupu. Nikabisha, nikaambiwa ni ile ile, funga twende. Asubuhi ripoti ikasema: "Sababu ya kusimama: matengenezo." Halafu siku mashine zikitulia, meneja akipita karakana anauliza kama sisi tuna kazi. Nihamie uzalishaji, au nivumilie tu?*
*Fundi wa zamu ya usiku*

Marahaba, mwanangu. Kuhama ni shauri lako, ila ujue huko unakokwenda wewe ndiye utakayekuwa unamwambia fundi "wiki ijayo".

Tuanze na beringi, ile ringi yenye gololi inayoshika shafti ya mota. Mtu wa stoo anajua kwamba tarakimu mbili za mwisho za 6308, yaani 08, ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la milimita 40, na shafti yako inaingia, basi kwake kazi imekwisha. Lakini ile C3 ina maana yake: nafasi kati ya gololi na njia zake ni kubwa kuliko ya kawaida. Mota ikipata moto, ringi ya ndani inatanuka na kula sehemu ya nafasi hiyo. Ukifunga 6308 tupu mahali palipotakiwa C3, nafasi inaweza kwisha kabisa, beringi inabana, inachemka, na utaitwa tena usiku. Ulipobisha ulikuwa na haki. Kesho nenda stoo mchana, wakati hakuna anayekufokea, mwombe mwenye stoo aandike namba nzima kwenye kadi ya kipuri, hadi herufi ya mwisho. Usiku wa manane hakuna anayefundishika.

Sasa, unasema uliandika. Uliandika wapi? Nadhani najua: kwenye daftari la zamu, lile lenye madoa ya oili kwenye jalada, ambalo msomaji wake ni fundi wa zamu inayofuata, naye ana hasira kama zako. Andika ombi la kazi lenye namba. Mashine gani, beringi ya upande upi, joto ulilopima, saa unazohitaji. Chini acha mstari mmoja: "Muda umetolewa / haukutolewa, na nani." Mpelekee msimamizi wa uzalishaji mkononi, kwa adabu, bila kumtisha. Kusema "wiki ijayo" kwa mdomo ni rahisi. Akishikishwa kalamu, mara nyingi anakumbuka kuna saa mbili za Jumapili laini inaposafishwa. Na akikataa kwa kuandika, huo sasa ni uamuzi wake. Si lazima afukuzwe wala aaibishwe. Inatosha ujulikane ni wa nani.

Hiyo ripoti ya asubuhi nayo uikatalie. Matengenezo ni idara, haiwezi kuwa sababu ya mashine kusimama. Sababu ni beringi iliyokwama, iliyoripotiwa tarehe fulani, muda ukanyimwa. Dai iandikwe hivyo. Nawe kwa kila tukio weka nyakati nne: mashine iliposimama, ulipoitwa, ulipopata kipuri mkononi, na ilipowaka. Hizo mbili za katikati ndizo zitakazomshtua meneja. Kwenye karatasi inaonekana fundi kamaliza usiku mzima kwenye mota moja, kumbe muda mrefu alikuwa dirishani kwa stoo akimsubiri mwenye funguo.

Huyo meneja anayewaona hamna kazi usimjibu kwa maneno. Bandika ukutani karatasi ya mashine mlizopima wiki hiyo na mlichokikuta. Akipita atasoma, au hatasoma. Lakini mkaguzi atasoma.

Kuna moja linaniudhi, nalitoa hapa hata kama si lako. Beringi ikilia, watu wanaishindilia grisi hadi inyamaze, kisha wanakwenda kulala. Grisi ikizidi inavurugwa humo ndani, inaleta joto, na kwenye mota inaweza kupenya hadi kwenye koili. Mafundi wa mota wana kanuni yao ya zamani: joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, uhai wa kihami cha koili, yaani ganda linalozuia umeme usivuje kwenye nyaya zake, unashuka hadi kama nusu.

*Mimi ni opareta. Kila mafundi wakitoka kufanya sevisi, mashine inasumbua kuliko mwanzo. Wanafanya nini humo ndani?*

Mafundi wenzangu watanuna, lakini unachokiona kipo. Katika Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za doria za pwani za jeshi la anga la Uingereza. Waliona hitilafu zinaongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba, kisha zinapungua taratibu. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la Marekani, United Airlines, walionyesha kwamba ni asilimia 11 tu ya aina za vipuri vya ndege walivyovichunguza vilivyokuwa na dalili za kuchoka kwa umri, na asilimia 68 hatari yao kubwa ilikuwa mwanzoni, vikiwa vimetoka kufungwa.

Kwa hiyo mimi sipendi kufungua giaboksi kwa sababu kalenda imesema. Pima joto, pima mtetemo, chukua oili uiangalie. Mikanda, filta na breki hizo zinalika, zibadilishe kwa wakati wake. Nawe opareta, mkiwasha baada ya sevisi, mzuie fundi asiondoke saa ya kwanza. Akisema ana haraka, mwambie Mzee amekataza.

*Nilikuwa nimefunga swichi kuu kwa kufuli yangu, mwenzangu yuko chini ya konveya. Msimamizi akataka nifungue "dakika moja tu" ajaribu mota. Nilikataa, nikapewa onyo la maandishi. Nifanyeje?*

Ulifanya sawasawa. Marekani jambo hili liko kwenye kanuni tangu 1989: kufuli huondolewa na aliyeifunga. Kujaribu mota kunaruhusiwa, lakini kwa utaratibu: zana zitoke, watu watoke na wahesabiwe, kufuli ziondolewe na wenyewe, mota ijaribiwe, kisha kila mtu afunge tena ndipo mtu arudi chini.

Lijibu onyo kwa maandishi leo hii. Taja saa, namba ya swichi, jina la aliyekuwa chini, na maneno aliyosema msimamizi kama alivyoyasema. Nakala moja ipeleke kwa afisa usalama, moja kwa mwakilishi wa wafanyakazi, moja ubaki nayo nyumbani. Mwombe mwenzako naye aandike ya kwake, tena kwa mkono wake mwenyewe.