Re: Chorkor au Thiaroye kwa kubanika sangara?

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha Igombe kijenge tanuri la Chorkor la Ghana au Thiaroye la Senegal. Kwa sangara, chagueni Thiaroye. Sababu ni mafuta.

Chorkor inaokoa kuni vizuri: trei zikipangwa juu kwa juu zinakuwa bomba la moshi zenyewe. Ila samaki yuko juu ya moto moja kwa moja. Mafuta yanadondokea makaa, yanaungua, na moshi wake unamwachia samaki benzopireni, kemikali inayoweza kuleta saratani. Ukomo wake kwa samaki wa moshi katika soko la Ulaya ni mikrogramu 2 kwa kilo, na sangara alivyo na mafuta mtauvuka mapema.

Thiaroye ilibuniwa 2008 na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na chuo cha uvuvi cha Senegal. Uzuri wake, hata Chorkor ya zamani inaongezewa vifaa: sanduku la makaa, sinia la kukinga mafuta lenye mteremko wa kuyatoa nje, na kizalisha moshi cha pembeni. Kausheni kwanza kwa makaa yaliyokolea, moshi mwishoni.

Fundi awe makini na trei. Fremu ya mbao ikalie katikati ya unene wa ukuta. Ikiingia ndani inaungua, ikiacha mwanya joto linatoroka. Badilisheni trei za chini na za juu, la sivyo wa chini wataungua wa juu wakiwa wabichi.

Sinia lioshwe kila mkupuo. Wengi huchoka kuliosha, wakaliondoa kabisa, hapo mmerudi Chorkor kwa gharama kubwa zaidi. Kuni za msonobari msiguse, utomvu wake unatia masizi.